Makombe ndani ya jiwe jekundu huko Kaiso, mbali na maji: hapa palikuwa bahari?

abwooli_mtembezi

Habari zenu jamani. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mawe, maana kuna kitu kinanisumbua tangu Jumapili na kila niliyemuuliza kazini ana jibu lake.

Tuko wanne, tunafanya kazi hapa Hoima mjini, na kila mwisho wa mwezi tunatafuta mahali pa kutembea kwa miguu. Safari hii tukasema twende Kaiso, kijiji cha ufuoni mwa Ziwa Albert. Tulitoka alfajiri, tukateremka ile lami ya ukingoni masikio yakiziba, tukashukia kijijini, tukanywa chai kwa mama mmoja karibu na pale wanapoanika muziri, wale samaki wadogo kama dagaa, halafu tukaanza kufuata ufuo. Ziwa upande mmoja, milima ya Kongo ng'ambo inaonekana kama moshi, na upande wa pili vilima vya udongo vilivyochimbwa na mvua mpaka vimekuwa makorongo. Mimi miaka yote nikipita na gari nilikuwa naona udongo tu.

Sasa ilipofika saa tano, na jua la huko chini mnalijua, tukaingia kwenye korongo moja kutafuta kivuli, nikaegemea ukuta, nikageuka, nikaona huo ukuta wote umepangwa. Yaani tabaka juu ya tabaka. Chini kuna udongo wa kijivu-kijani laini kama sabuni, juu yake mchanga wa manjano, halafu mstari mwekundu mgumu unene wa kiganja, halafu udongo tena, halafu mchanga wenye kokoto za mviringo, inaendelea hivyo mpaka juu. Nikapitisha kidole kwenye ule mstari mwekundu nikahisi vitu vinakwaruza, kuangalia karibu ni makombe! Ya konokono na yale ya pande mbili, yamebanana kama maharage ndani ya gunia, na yote yamegeuka kama chuma, rangi ya kutu kabisa. Hapo tulikuwa tumepanda, kwa kukadiria mita 30 hivi juu ya maji, na kutoka ufuoni ni mwendo wa nusu saa.

Kitu kingine, ule mstari mwekundu unaenda vizuri halafu ghafla umekatika, na upande wa pili unaendelea lakini uko chini zaidi, karibu urefu wa mkono wangu, kama kitenge ambacho fundi ameunga na maua hayakukutana.

Sasa mwenzetu mmoja anasema hapo palikuwa bahari, mwingine anasema ni watu wa zamani walikula konokono wakatupa maganda. Mimi sijaridhika na yote mawili. Makombe yamefikaje kule juu, kwa nini yamekuwa chuma, na nani alikata ule mstari? Nimebeba kipande kimoja cha lile jiwe nikakileta nyumbani, kiko mezani hapa, nikikishika ni kizito kuliko ukubwa wake. Nani anaweza kunieleza?

mzee_wa_doria

Salaam dada. Mimi nilikuwa jeshini, sasa nimestaafu, nimetembea huo upande wote wa ziwa na chini zaidi mpaka Semliki. Makombe kama hayo nimeyaona tukichimba handaki, na siku moja tulipata vipande vinang'aa kama kioo ndani ya udongo, unavipasua kwa ukucha tu, vijana wakafikiri ni almasi. Mimi kwa imani yangu hiyo ni gharika ya Nuhu, maji yalifunika milima yote na viumbe vya maji vikabaki juu yalipopungua. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyowaambia vijana wangu. Lakini niko tayari kusikia wenye elimu ya mawe.

mwalimu_wa_ramani

Abwooli, na mzee wangu hapo juu, salaam sana. Nilisoma jiolojia Makerere na sasa nafundisha jiografia sekondari, na huko Kaiso nimepeleka wanafunzi mara kadhaa, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu kidogo maana hapa mahali napapenda kuliko mahali pengine popote katika nchi hii.

Si bahari. Ni ziwa. Lakini si ziwa hili tunaloliona leo.

Anza na ule ukingo ulioteremka na gari masikio yakiziba. Ule ni mdomo wa ufa. Ardhi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, kipande cha katikati kikazama kati ya ukingo wa kwetu na ile milima ya Kongo unayoiona kama moshi. Mawe ya ukingo wenyewe ni ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni 2, yalipikwa chini kabisa ya ardhi mpaka yakawa na mistari ya kujikunja. Ukipita tena simamisha gari pale lami ilipochonga mwamba uyatazame, ni magumu, yanameta, hayana kombe hata moja. Sasa shimo likishatokea, mvua na mito haiwezi kuliacha wazi. Kila mto unaoshuka ukingoni umekuwa ukilijaza kwa kokoto, mchanga na tope, kwa mamilioni ya miaka, na kadiri lilivyojaa ndivyo lilivyozidi kuzama. Mwaka 1938 walichimba kisima cha kutafuta mafuta huko Waki karibu na Butiaba, wakapita kwenye mchanga na udongo kwa zaidi ya mita 1,200 ndipo wakagonga mwamba wa kale. Na katikati ya bonde mashapo hayo yanafika kama kilomita 5 kwenda chini. Linganisha na ziwa lenyewe, kina chake hakifiki mita 60. Mwitanzige, yaani hili Ziwa Albert tunaloliogopa kwa mawimbi, ni sahani ya maji iliyokaa juu ya shimo lililojaa tope.

Ule ukuta ulioegemea ni sehemu ya hayo mashapo, iliyoinuliwa na kuchongwa na mvua. Na unasomeka kabisa. Kanuni ni moja tu, maji yanayokimbia yanabeba vitu vizito, maji yaliyotulia yanaacha vitu laini. Kwa hiyo zile kokoto za mviringo zililetwa na mto wenye nguvu, na ukizipasua utakuta ni lile jiwe la ukingoni lenye mistari, limeviringishwa njiani mpaka pembe zikaisha. Mchanga wa manjano ni mdomo wa mto au ufuo, mahali kama pale ulipoanzia kutembea. Udongo wa kijivu-kijani ni chini ya ziwa, mbali na ufuo, mahali tope linashuka polepole na hakuna hewa ya kutosha ya kulifanya jekundu. Sasa ukiona udongo, halafu mchanga, halafu kokoto, halafu udongo tena, maana yake ziwa lilikuwa hapo, likasogea, mto ukachukua nafasi, ziwa likarudi. Umeegemea ziwa linalokwenda na kurudi.

Kuna kipimo cha wanajiolojia ambacho wanafunzi wangu hawakiamini mpaka wajaribu. Chukua udongo kidogo sana, utafune na meno ya mbele. Ukisikia unakwaruza hata kidogo, kuna chembe za mchanga mwembamba, maji yalikuwa bado yanatembea. Ukiteleza kama siagi, huo ni udongo wa maji yaliyotulia kabisa. Halafu uteme usukutue.

Makombe. Hapo Kaiso ndipo penyewe. E. J. Wayland, yule Mwingereza aliyeanzisha idara ya jiolojia ya Uganda mwaka 1919, aliyakuta mashapo haya na kuyapa jina la hicho kijiji, na mpaka leo wasomi wa dunia nzima wakitaja tabaka la Kaiso wanataja kijiji ulichonywea chai. Konokono wengi wa humo hawapo tena ziwani. Tazama kipande chako vizuri, wengine wana vinundu na miiba na ganda nene, ukilinganisha na konokono wa leo wa Mwitanzige utaona hawa wa leo ni wepesi na laini. Na kuna jamii moja, Neothauma, ambayo kisukuku chake, yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe, kipo huku kwetu lakini hai imebaki Ziwa Tanganyika peke yake. Mimi nilipoelezwa hilo darasani sikulala. Yaani ndugu za huyo konokono wanaishi Kigoma, na yeye yuko ndani ya jiwe Hoima.

Kabla ya hilo ziwa la Kaiso kulikuwa na ziwa refu zaidi ambalo wataalamu wameliita Obweruka, lilijaza bonde kuanzia huku kwetu mpaka upande wa Ziwa Edward. Lilidumu mamilioni ya miaka, halafu Rwenzori ikapanda katikati na kulikata vipande viwili, hiyo ni kama miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Tabaka la makombe la Kaiso ni la baada ya hapo, milioni 2 na kitu. Walijuaje? Katikati ya mashapo haya kuna majivu ya volkano, mstari mwembamba wa rangi ya kijivu, na majivu ya kila mlipuko yana mchanganyiko wake wa kemikali. Majivu ya huku kwetu yamelinganishwa na yale ya Turkana ambayo umri wake ulishapimwa. Na mifupa ya tembo, viboko na mamba wa zamani iliyopatikana humo ikasaidia.

Chuma ni hivi. Ule udongo mwekundu wa juu, marramu tunayomwaga barabarani, umejaa chuma. Maji yanapita ndani yake, yanakibeba kikiwa kimeyeyuka, yakifika penye hewa kinaganda kama kutu. Kwenye makombe yaliyorundikana ufuoni kuna matundu mengi ya kukaa, kikajaza humo, kikafunga yote pamoja, na chokaa ya kombe ikaondoka kidogo kidogo chuma kikichukua umbo lake. Ndiyo maana kipande chako ni kizito. Kamulia ndimu juu yake: kombe la kawaida likisagwa linatoa povu, hili litanyamaza.

Na aliyekata mstari ni tetemeko. Ule ni ufa mdogo, mtoto wa ufa mkubwa. Upande mmoja uliteleza ukashuka urefu wa mkono wako, pengine kwa mara moja, pengine kwa mara nyingi. Bonde hili halijatulia, waliokuwepo Toro mwaka 1966 au karibu na Fort Portal mwaka 1994 watawaambia ardhi ilivyotikisika. Makombe kufika mita 30 juu ya maji ni mambo mawili pamoja, ardhi kuinuliwa na kuinamishwa, na ziwa lenyewe kupanda na kushuka.

Mzee wangu, kwa heshima yote kuhusu gharika. Mimi pia naenda kanisani. Lakini rudi kwenye lile handaki lako. Kile kioo unachopasua kwa ukucha ni jasi, na jasi haipatikani kwenye maji mengi, kwa kawaida inapatikana maji yakikauka na jua mpaka chumvi zake zinaganda. Na kwenye hizo kuta za Kaiso kuna matabaka yenye nyufa za tope lililokauka, kama chini ya bwawa wakati wa kiangazi, mchanga umeingia ndani ya nyufa na kuzihifadhi, na kuna vijitundu vya mizizi ya majani. Tope limekauka, majani yameota, maji yamerudi, tope limekauka tena, mara nyingi sana moja juu ya nyingine. Gharika moja haiwezi kuacha alama ya kukauka katikati yake.

mzee_wa_doria

Mwalimu nimekuelewa, hasa hilo la nyufa za tope, maana nimeziona kwa macho yangu na sikuwahi kujiuliza zilifikaje ndani ya ukuta. Imani yangu inabaki lakini vijana nitawarudia na hili la jasi. Asante kwa kunijibu kwa adabu.

mvuvi_wa_butiaba

Mimi sikusoma mawe lakini hilo la ziwa kwenda na kurudi msilione kama hadithi ya milioni za miaka. Butiaba ilikuwa bandari, meli zilikuwa zinafika na reli ilikuwa inasubiri abiria upande mwingine wa safari, watu wazima wa hapa walikuwa wanatusimulia. Halafu zikaja zile mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa likapanda, bandari ikaingia maji, na mwaka 1964 meli yao Robert Coryndon ikazama palepale na mambo ya bandari yakaishia hapo. Na sisi wenyewe tumeona 2020. Nyumba ya kaka yangu ilikuwa na mti wa mwembe mbele yake, tulikuwa tunafunga nyavu hapo, siku hizi ule mwembe umekauka umesimama ndani ya maji na mtumbwi unafungwa kwenye tawi.

Yalipopungua kidogo nilikwenda kuona pale jikoni kwake. Sakafu imefunikwa na mchanga mweupe, juu ya mchanga kuna makombe madogo madogo, na katikati kuna kikombe cha plastiki. Nikasoma maelezo ya mwalimu hapo juu usiku nikakumbuka hiyo sakafu. Ni hivyo hivyo.

mwalimu_wa_ramani

Mvuvi, hiyo sakafu ya jikoni nitaiweka darasani wiki ijayo, umenifundisha namna ya kufundisha.

kijana_wa_kikuube

Jamani swali dogo, haya mashapo ndiyo yale yenye mafuta? Kwetu tunaona mitambo tu lakini hakuna anayetueleza mafuta yanakaa wapi, wengine wanasema kuna ziwa la mafuta chini ya ziwa la maji.

mwalimu_wa_ramani

Ndiyo, ni jamaa hao hao ila kule chini zaidi. Hakuna ziwa la mafuta. Chukua glasi ijaze mchanga halafu mimina maji, utashangaa yanaingia mengi kiasi gani, yanakaa kati ya chembe na chembe. Mafuta yanakaa hivyo hivyo ndani ya tabaka la mchanga, na tabaka la udongo laini juu yake linakuwa kifuniko. Yalitokana na tope la ziwa la zamani lililojaa mabaki ya viumbe vidogo sana na mimea ya majini, likazikwa, likapata moto wa ardhini, likapikika. Kisha yakapanda kupitia mchanga na nyufa mpaka yakakutana na kifuniko. Mahali kifuniko kimepasuka yanatoka nje yenyewe, kama kule Kibiro, na Wayland aliyaandika tangu 1925. Ugunduzi wenyewe wa kuchimbika ukaja 2006. Kwa hiyo Abwooli akiwa ameegemea ule ukuta wa mchanga na udongo, alikuwa ameegemea mfano wa ghala la mafuta, ila hili lake liko nje juani na limekauka.

abwooli_mtembezi

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wenzangu wakisikiliza. Webale muno mwalimu. Nimekamulia ndimu kile kipande. Kimenyamaza kabisa! Halafu nikasaga ganda la konokono wa bustanini nikakamulia, povu likatoka. Mtoto wangu amekataa kulala, anataka kukamulia kila kitu ndimu.

Na nimetazama na ile lenzi ya kusomea ya mama. Kuna konokono mmoja ana mistari ya vinundu inazunguka kama ngazi, nimehesabu mizunguko mitano, na ndani ya mdomo wake kuna mchanga wa manjano umeganda. Kumbe ule mchanga ni wa siku ile ile. Yaani aliingiwa na huo mchanga akafunikwa nao, na mimi nimeutoa na sindano hapa Hoima. Nilikaa kimya muda.

Lakini sasa nina wasiwasi. Nilifanya vibaya kubeba?

mwalimu_wa_ramani

Usiutoe tena huo mchanga dada, uache hivyo hivyo.

Sitakugombeza, karibu kila mtu anabeba, hata mimi mwaka wa kwanza nilijaza begi. Ila nikueleze kwa nini inauma. Hilo jiwe likiwa ndani ya ukuta linasema mambo manne: niko juu ya udongo huu, chini ya mchanga ule, mdomo wangu unaelekea huku, na jirani zangu ni hawa. Likishafika mezani linasema jambo moja tu, mimi ni konokono wa zamani. Na sheria ya Uganda inalinda visukuku, kuvichimba na kuvibeba kunahitaji kibali, na ni haki, kwa sababu kuna watu wangebeba lori zima kuuza.

Wewe una bahati unakumbuka mahali. Andika leo hii kabla hujasahau: korongo lipi, ukuta wa upande gani, tabaka la ngapi kutoka chini, lilikuwa limeshikana na ukuta au limelala chini. Chora hata kama hujui kuchora, mchoro mbaya wenye vipimo unazidi picha nzuri isiyo na vipimo. Kifunge kipande kwenye gazeti pamoja na hicho kikaratasi, na ukienda Kampala kipeleke Makumbusho ya Taifa pale Kira Road, waambie ukweli ulivyokipata. Kama unataka kujua zaidi juu ya eneo lenyewe, idara ya jiolojia iko Entebbe na ramani zinapatikana huko.

Safari nyingine mnahitaji simu ya kupiga picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, weka kalamu au sarafu kando ya kombe ndipo upige. Mimi hutumia sarafu ya mia tano. Na daftari.

boda_wa_kabaale

Mimi napeleka watu huko chini karibu kila wiki, naomba niongeze maana mwalimu anazungumza mawe na mimi nazungumza miguu.

Sehemu kubwa ya hapo katikati ya ukingo na ziwa ni hifadhi ya Kabwoya, kuna nyati na swala na nyani, si bustani. Pitieni getini, lipieni, ombeni askari wa wanyamapori awasindikize, hasa mkiingia kwenye makorongo ambapo huoni mbele. Nyati anapenda kivuli cha korongo kama ninyi mlivyokipenda. Mwezi mmoja nilimteremsha mgeni ambaye alikataa askari akisema ni gharama, tukakutana na nyati mmoja mzee peke yake hatua kama 20, tulisimama hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi, akageuka mwenyewe akaondoka. Sibebi tena mtu asiye na askari.

Mambo ya maeneo ya mafuta, ukiona uzio au mlinzi geuka, na usipige picha upande huo, sio kwa ubaya, mtapotezewa siku nzima mkieleza. Maji beba lita tatu kwa kila mtu, huko chini mvua ni kidogo na joto si la Hoima. Ufuoni msikae kwenye majani marefu kando ya maji, kuna mamba na viboko hutoka jioni. Na hizo kuta za mchanga, baada ya mvua msiegemee kabisa! Zinaonekana zimesimama imara, lakini udongo wa chini ukilowa unateleza na mchanga wa juu unakuja wote. Nimeona ukuta wa urefu wa nyumba umeanguka usiku, asubuhi ni kama haukuwahi kuwepo. Simu pia muangalie, ukifika ufuoni inashika mtandao wa Kongo na salio linaisha hujui limekwenda wapi.

mwalimu_wa_ramani

Sikilizeni huyu kuliko mimi. Na hilo la udongo wa chini kulowa ndilo linalotengeneza makorongo yenyewe, udongo unateleza, mchanga unaanguka, mvua inabeba, na ukuta mpya unafunuka. Ndiyo maana kila msimu wa mvua ukiisha Kaiso panakuwa na makombe mapya ya kuona, na ndiyo maana vya msimu uliopita vimekwisha kwenda ziwani. Tabaka la zamani linageuka mchanga wa leo, mvuvi atakuja kulikuta jikoni kwa kaka yake.

Abwooli, kama mnataka matembezi mengine ya aina hii, nendeni Kibiro. Mnaacha gari juu, upande wa Kigorobya, mnateremka ukingo kwa miguu kwa njia ya mawe, hapo mtagusa lile jiwe la kale kwa mikono, halafu mnafika chini kwenye chemchemi za maji ya moto zinazotoka kwenye ufa wenyewe. Akina mama wa Kibiro wanapata chumvi hapo, watu wamekuwa wakiitengeneza karibu miaka 900. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, jua linavuta maji ya chumvi yanapanda ndani ya ule udongo, wanaukusanya, wanauweka kwenye chombo chenye matundu, wanamwagia maji, yanayochuruzika wanayachemsha. Udongo ule ule unarudi tena bustanini, ndivyo wanavyoiita hiyo ardhi yenye chumvi. Bustani ni za wanawake, mama anamrithisha binti. Mkifika salimieni kwanza, ombeni ruhusa, msikanyage udongo uliotandazwa, ule ni kazi ya mtu ya siku nzima.

mvuvi_wa_butiaba

Na mnunue chumvi. Ile ya Kibiro kwenye supu ya samaki ni kitu kingine.

mzee_wa_doria

Mwalimu, mimi nina miaka 67 na magoti yangu yanalalamika lakini Kaiso nafika. Nyufa za tope ziko korongo gani? Nataka kumwonyesha mjukuu, yuko senior one, anasema jiografia ni kukariri.

mwalimu_wa_ramani

Mzee tutakupeleka polepole. Ziko kwenye tabaka la kijivu lililo chini kabisa, huhitaji kupanda, unafika na fimbo. Asubuhi mapema ndiyo nzuri, jua likiwa limelala kila ufa unatupa kivuli chake, saa sita huoni kitu.

abwooli_mtembezi

Basi tupange pamoja. Mwisho wa mwezi huu Jumamosi, tukutane stage ya Kaiso hapa Hoima saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi naleta chapati na mayai ya kuchemsha, boda wa Kabaale tuagizie askari getini tafadhali, tutakuwa saba na mjukuu wa mzee ni wa nane. Kipande changu nimekifunga kwenye gazeti na kikaratasi chake, nimechora korongo kama alivyosema mwalimu, nikahesabu kwa kukumbuka: tabaka la tatu kutoka chini, ukuta wa kushoto ukiingia, lilikuwa limelala chini limeshaanguka lenyewe. Picha niliyopiga siku ile naiona sasa hivi, na sehemu lilipotoka inaonekana, kuna shimo jipya jekundu kwenye mstari.

Siku hiyo nitapima kutoka kwenye hilo shimo mpaka kwenye ule mkato ulioshuka, ndipo nipeleke yote Kampala.